Chini ya Mstari wa Mlalo

Kadi ya matibabu ya kifua kikuu si andiko linalofundishwa katika darasa la fasihi. Ni karatasi ngumu ya kliniki, na lugha yake ni ya mkato. Juu ina jina, umri, uzito, majibu ya makohozi na aina za dawa. Kisha linakuja jedwali: miezi imeshuka upande wa kushoto, tarehe kuanzia 1 hadi 31 zimejipanga juu, na kila siku imepewa kisanduku chake. Mgonjwa akimeza dawa mbele ya mhudumu, kisanduku kinapata tiki. Asipofika, kinapata alama ya kukosa dozi. Akipewa dawa za siku kadhaa akamezee nyumbani, mhudumu huvuta mstari wa mlalo kuvipita visanduku vya siku zote hizo.

Naomba tuusome mstari huo kama tunavyosoma mshororo. Tiki huandikwa baada ya tukio: mtu amemeza, shahidi ameona, kalamu imeshuka. Mstari wa mlalo huandikwa kabla. Siku ya Ijumaa mhudumu anaziandika Jumamosi, Jumapili na Jumatatu ambazo hazijafika, na anayeziandika siye atakayezimeza. Yatakayotokea katika visanduku hivyo (uji uliotapikwa, msiba uliomsafirisha mtu kijijini bila dawa zake, kidonge kilichoanguka kikaokotwa kikamezwa) yatapita chini ya wino bila kuacha alama. Shajara ya mtu anayetumia dawa za muda mrefu inaishi huko chini. Swali langu kwa kila shajara ya aina hiyo ni la umbo: je, imejengwa ili ifike chini ya mstari, au inauchora mstari uleule kwa mkono wa mgonjwa?

Kadi yenyewe ina nasaba, na nasaba hiyo inapita Tanzania. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na mmoja wa waliousimika ni daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Mchango wake mkubwa haukuwa dawa mpya, dawa zilikuwapo. Ulikuwa ni utaratibu wa kuandika: kadi ya mgonjwa, daftari la wilaya, ripoti ya kila robo mwaka, na sharti kwamba kila aliyeingizwa daftarini apewe mwisho wake. Amepona. Amemaliza matibabu. Dawa zimeshindwa. Amefariki. Ametoroka. Amehamia kwingine. Hakuna mhusika anayeruhusiwa kupotea katikati ya hadithi. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, mfumo huo uliokuwa umejaribiwa katika wilaya za Tanzania ndio uliochukuliwa kuwa kielelezo na baadaye kupewa jina la DOTS.

Styblo mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Alijua mwili wa mgonjwa ukoje kwa ndani, na bado umbo alilolijenga halikuacha nafasi ya mgonjwa kusema. Simlaumu. Kadi yenye safu ya maneno ya mgonjwa isingejumlishika mwisho wa robo mwaka, na kujumlisha ndiko kulikookoa watu. Ninachosema ni kwamba ukimya wa kadi haukutokana na kusahau.

Kadi hiyo inajua pia itakapoishia. Matibabu ya kawaida ni miezi sita: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Mtu anayeandika shajara sambamba na kadi ya namna hiyo anaandika akihesabu kushuka, na hilo linampa msaada mkubwa wa kisanaa hata asipoujua. Kila ingizo lina mvuto kwa sababu mwisho unaonekana.

Tuchukue mfano, nautunga mwenyewe. Mgonjwa wa kwanza anaandika hivi: Jumatatu. Nimemeza dawa saa mbili. Jumanne. Nimemeza dawa saa mbili. Jumatano. Nimemeza dawa saa mbili. Wa pili anaandika hivi: Jumatatu. Nimemeza kabla ya uji. Mkojo bado mwekundu. Jumanne. Nimemeza. Nyayo zinachoma, viatu vya kazini sivitaki. Jumatano. Nilisahau, nikakumbuka saa sita nikiwa kwenye daladala, nikameza bila maji.

Wa kwanza amejaza visanduku. Wa pili ametupa mwili: rifampisini inayogeuza rangi ya mkojo, isoniazidi inayochoma nyayo za asiyepewa vitamini B6 ya kutosha. Lakini kinachonivutia zaidi ni nyakati za vitenzi. Jumatatu na Jumanne ziko katika -me-: tendo limekamilika na hali yake ingalipo, dawa iko ndani inafanya kazi. Jumatano inaingia -li-, na nyuma yake -ka- mbili. Hapo ndipo hadithi ilipoanza. Alisahau, akakumbuka, akameza. Ufuasi mzuri wa dawa hauna -ka-. Mtu anayemeza kila siku kwa saa ileile hana cha kusimulia, na shajara, ambayo kwa desturi hudai jambo jipya kila siku, inagongana na dozi, ambayo kwa asili yake inadai jambo lilelile. Mgongano huo ndio moyo wa umbo hili.

Nao umeanza kabla mgonjwa hajashika kalamu. Maelekezo ya bahasha ya dawa, 1×3, ni andiko lisilo na mtendaji wala wakati. Muuza dawa huliongezea sauti anapolisoma kwa mdomo: kimoja kutwa mara tatu. Kutwa hapo si leo wala kesho. Ni siku yoyote, siku zote. Mwandishi wa shajara anapoweka tarehe juu ya ukurasa anaigeuza kutwa kuwa Alhamisi fulani. Wengine hawafiki hata hapo. Katika mwezi wa Ramadhani dozi ya asubuhi na ya usiku huhamia daku na futari, na nafikiri kwa wengi huo ndio wakati pekee wa mwaka ambapo saa za dawa zinastahili kuandikwa.

Derek Jarman alifika kwenye shajara ya dawa kwa njia ndefu. Alikuwa mchoraji na mwongozaji filamu wa Uingereza, aliyepimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI Desemba 1986. Baada ya hapo alihamia kwenye kibanda cha wavuvi huko Dungeness, pwani ya kokoto yenye kinu cha umeme wa nyuklia mgongoni mwake, akapanda bustani mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angepanda bustani. Shajara aliyoianza tarehe 1 Januari 1989 ilichapishwa mwaka 1991 kwa jina la Modern Nature. Msomaji anayeifungua akitafuta kitabu cha ugonjwa atakaa muda mrefu akisoma habari za mimea.

Na mimea hiyo haiji mitupu. Kila mmoja unaingia na jina lake, kisha sifa zake kutoka katika vitabu vya kale vya waganga wa mitishamba wa Kiingereza: huu unatia moyo, ule unafukuza maradhi, mwingine unatuliza. Kisha hufuata kumbukumbu. Ua la leo linamrudisha utotoni Italia, au shule ya bweni, au kwa mtu aliyempenda zamani. Hivyo ingizo lenye tarehe moja lina karibu miaka hamsini ndani yake. Jarman anaitumia tarehe kama mlango. Akishaingia, hajali tena ni siku gani.

Msomaji anazoeshwa. Kwa mamia ya kurasa anajifunza kwamba katika kitabu hiki jina halitajwi bila hadithi yake. Ndipo inapokuja mwaka 1990, na Jarman anajikuta katika hospitali ya St Mary's, Paddington, London, ana kifua kikuu. Maingizo yanabadilika umbile. Kumbukumbu zinarudi nyuma. Usiku unapanuka: jasho, homa, sindano, sauti za wodi, chakula kisicholika. Na yanaingia majina ya dawa, makavu, bila karne za masimulizi nyuma yake. Hakuna mganga wa kale aliyeimba sifa za rifampisini. Mwandishi halazimiki kutuambia kwamba amenyang'anywa kitu, kwa kuwa umbo lenyewe limeshatuambia: tulizoea jina pamoja na hadithi, sasa tumepewa jina peke yake, na pengo linalobaki linasomeka. Kipindi hichohicho maradhi mengine, toksoplazimosi, yaliyashika macho yake, macho ya mchoraji, na hata rangi zilizokuwa zikifurika mwanzoni mwa kitabu zikaanza kuwa haba.

Ndiyo maana nakiweka Modern Nature juu ya vitabu vingine vya aina hii. Dawa haikuwa mada tangu ukurasa wa kwanza. Iliingia ikakuta nyumba ina wenyewe, ikabidi igombee nafasi na kabichi za pwani na mawe. Shajara inayoanza siku ya dozi ya kwanza haina cha kupoteza. Haijatuonyesha sentensi za mtu huyo zilivyokuwa alipokuwa mzima.

Miaka mitatu baada ya wodi ile Jarman alitengeneza filamu ya Blue (1993), ambayo ni kioo cha rangi moja ya buluu mwanzo hadi mwisho, na juu yake sauti zinazosoma maandishi, mengi yakiwa na mwendo wa shajara ya hospitali. Virusi vya saitomegalo vilikuwa vinamla macho, na dawa yake, DHPG, iliingia kwa dripu mara mbili kwa siku. Kuna sehemu ambayo sauti inasoma madhara ya dawa hiyo moja baada ya jingine, kama yalivyopangwa kwenye karatasi ya maelezo, kwa muda mrefu kuliko ustahimilivu wa kawaida wa mtazamaji. Halafu anaeleza kwamba ili awekewe dripu hana budi kusaini kuwa ameelewa kwamba yote hayo yanaweza kutokea, na kwamba atasaini.

Sehemu hiyo huchekesha wengine, na ni haki yao, ucheshi umo. Ila hebu tuiangalie kwa jicho la umbo. Karatasi ya madhara ni andiko la watu wote na la nyakati zote. Shajara ni ya mwili mmoja na siku moja. Jarman amelichukua la kwanza akalitia katika sauti ya la pili bila kubadilisha neno, na sasa hatuwezi kujua ni madhara yapi yamempata, yapi yatampata, yapi hayatamgusa kamwe. Ni siku zilizoandikwa kabla ya kufika. Ni mstari wa mlalo tena, ila safari hii umevutwa na kiwanda, na mkono wa mgonjwa umeitwa mwishoni tu, kuweka saini. Sijui maandishi mengine yanayoonyesha kwa uwazi kama huo jinsi maneno ya mgonjwa yanavyobanwa kati ya fomu za watu wengine.

Mwandishi Hervé Guibert wa Ufaransa alipitia dripu ya ugonjwa huohuo wa macho, na shajara yake ya hospitali, Cytomégalovirus, ya wiki chache za Septemba na Oktoba 1991, ni fupi na kali. Hana bustani. Ana kitanda, mrija, muuguzi aliyechoka na mwingine mwenye huruma. Alifariki Desemba mwaka uleule. Ni kitabu chembamba kwa kila maana, na hasira yake ni safi kuliko ya Jarman, lakini sikirudii mara kwa mara.

Shajara ya mwisho ya Jarman ni jambo tofauti. Smiling in Slow Motion inaanza mwaka 1991 na kufika Februari 1994, mwezi aliofariki. Ilihaririwa na mwenzi wake Keith Collins ikatoka mwaka 2000. Kama kitabu, ni dhaifu kuliko cha kwanza. Wageni wanakuja na kuondoka, ugomvi wa wasanii, safari za London, chakula cha jioni, na dawa zimekaa humo kama samani: mtu anazipita bila kuziangalia. Lakini kama kumbukumbu ya dawa za muda mrefu ni sahihi kuliko Modern Nature. Mwaka wa kwanza dozi ni tukio. Mwaka wa nne ni kiti.

Kiti hicho hakikupatikana mapema kwa wote. Dawa ya UKIMWI ya AZT ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilimezwa kila baada ya saa nne, usiku na mchana, na watu walitembea na vikasha vyenye kengele vilivyolia mikutanini na kwenye sinema. Saa za Kiswahili zingeupendezesha mpangilio huo: saa mbili, saa sita, saa kumi, halafu tena saa mbili, saa sita, saa kumi, mara hii gizani. Shajara iliyoandikwa chini ya kengele hiyo haikuweza kuwa na siku nzima. Ilikuwa na vipande sita.

Dawa za mchanganyiko zilipokuja katikati ya miaka ya 1990 zilibadili pia fani. Kabla yake shajara ya mwenye virusi ilikuwa ni ya kukimbizana na mwisho. Baada yake haikuwa na mwisho wowote wa kukimbizana nao. Nchini Tanzania dawa hizo, ARV, zilianza kutolewa bure katika kliniki za umma mwaka 2004, na leo mtu aliyeimarika humeza kidonge kimoja kwa siku, na huchukua dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja. Hakuna tena miezi sita ya kuhesabu kushuka, wala safu ya kuandika amemaliza matibabu. Kadiri tiba inavyofanikiwa, ndivyo maandishi yanavyokonda. Mtu aliye mzima kwa dawa hana -ka-.

Hapo ndipo waandishi wengi wa shajara hushindwa, na sishangai. Wapo wanaoacha baada ya miezi miwili, kwa sababu wamepata nafuu. Wapo wanaoendelea kwa kuandika leo sawa, leo sawa, leo sawa, hadi ile sawa inakuwa haina taarifa. Na kuna madaftari yaliyochapishwa tayari, yenye nyuso za kucheka na kununa au mizani ya 1 hadi 10. Hayo yanamfaa daktari anayetafuta mwelekeo wa kipandauso au kifafa, na kwa kazi hiyo siyapingi. Ila yamemwondolea mgonjwa sentensi.

Umbo ninalolipendelea mimi ni la zamani na rahisi: dozi ihamie pambizoni. Tiki ndogo kando ya tarehe, basi. Mwili wa ingizo ubaki huru kusema habari za mvua, ada ya shule, jirani. Dawa iingie katika sentensi pale tu inapokuwa na jambo. Wapo watakaosema kwamba kwa njia hiyo ukurasa utakuwa na dozi zilizokosewa pekee, na msomaji wa baadaye ataona mtu mzembe aliyesahau daima. Ni kweli, kama atasoma sentensi bila kusoma pambizo. Tatizo ni kwamba pambizo ndiyo ya kwanza kukatwa shajara inapopigwa chapa. Mhariri huondoa siku tupu na alama zinazojirudia ili kitabu kisichoshe, na hivyo huwapa wasomaji dharura tupu, maisha ambayo hakuna aliyeyaishi. Ningependa kuona, walau mara moja, shajara ya dawa iliyochapishwa pamoja na kurasa zake tupu. Itachosha. Ndivyo ilivyo.

Bado kuna suala la nani anasoma. Kadi ina msomaji wake anayejulikana, mratibu wa wilaya, na imeandikwa kwa ajili yake. Shajara inayopelekwa kliniki nayo ina msomaji, na inabadilika ikimjua: vidonge vinamezwa kwa wakati, sentensi zinanyooka, mgonjwa anageuka mwanafunzi mzuri. Shajara inayobaki nyumbani ina wasomaji wasioalikwa: mume, mkwe, mtoto anayetafuta karatasi ya kuchorea. Wapo wanaobandua lebo kwenye chupa za ARV, wapo wanaovihamishia vidonge kwenye mfuko laini ili visitoe mlio mkobani. Mtu anayeficha mlio wa vidonge hataandika jina kamili la dawa daftarini. Ataandika herufi moja, au nukta, au ataipa dozi jina la kitu kingine.

Huu si upungufu wa sanaa. Ni sanaa yenyewe ikifanya kazi katika mazingira magumu, nasi watu wa Pwani tuliolelewa na mafumbo tusijifanye hatuielewi. Ila inamwacha mhakiki pabaya. Tuseme mama mmoja ameamua kwamba dozi yake itaitwa chai: nimekunywa chai saa mbili, leo nimechelewa chai, chai imenipa kichefuchefu, chai imeniishia, nitaifuata Jumatatu. Daftari likimfikia mhakiki miaka arobaini baadaye, bila kadi ya kliniki kando yake, atahesabu vikombe, atagundua kwamba havikosekani hata siku za msiba, na ataandika makala nzuri sana kuhusu mwanamke aliyependa chai.